Kware wa Uzi wa Buluu

Mayai yaligoma. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mzee Mizani alikuwa ameinama mbele ya mashine ya kutotolesha tangu alipomaliza chai ya asubuhi, sikio kwenye mfuniko, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani, na ndani hakukusikika hata mlio mmoja. Siku ya kuanguliwa ilikuwa imepita. Siku za kuvumilia nazo zilikuwa zimepita. Sasa alikuwa kwenye siku za kujidanganya.

Akafungua. Akalipasua yai la kwanza kwenye kibakuli: ute na kiini tu, safi kabisa, la kukaanga. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa na kifaranga aliyekufa akiwa bado mdogo kama punje ya kunde. Hapo akaacha. Mtu mwenye akili zake hahitaji kupasua trei nzima ndipo ajue kuwa ameumbuka.

Jina la Mzee Mizani alipewa sokoni. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mizani, na akionekana getini na kisanduku chake cha mawe ya kupimia, wauzaji wenye mizani za ujanja walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa nyumbani. Hakuwa na dogo. Ukimwomba afumbe jicho moja kwa sababu mnajuana, jibu lake lilikuwa moja: "Mizani haina shemeji." Alipostaafu akarudi nyumbani na mizani moja ndogo iliyotoka duka la dawa, na haikupita wiki mkewe akawa amechoka kumwona akipima vitunguu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na nyuma ya nyumba alikuwa na banda la kware wachache, vindege vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. "Kama ni lazima upime kitu," akamwambia, "basi pima hawa. Labda wao hawatakuchukia."

Ndivyo ukoo ulivyoanza. Kila kizazi kilipokomaa, Mzee Mizani alipima wote, mmoja mmoja, akawabakiza wazito kuwa wazazi wa kizazi kinachofuata. Wepesi waliingia kwenye kikapu, na kikapu kilikwenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mitaa michache kutoka hapo, kwa ajili ya sufuria. Miaka ikaenda, kware wakajaa vifua. Walitaga mfululizo, mayai yakaanguliwa karibu yote, na watu wakawa wanakuja kutoka mbali kuomba mbegu. Mzee Mizani aliwapokea mlangoni kwa kifua kilichojaa kuliko cha kware. "Siri ni moja," aliwaambia. "Nafuata mizani. Sifuati macho, sifuati huruma."

Siku ya uchaguzi ilikuwa na utaratibu wake. Cherehani ilisukumwa ukutani, mizani ikawekwa mezani. Alipima, akatamka "Huyu!" kwa sauti ya hakimu, na kware akatiwa kwenye boksi la kushoto. Wengine kulia, kikapuni. Ilibaki kazi ya kuwawekea alama walioteuliwa, uzi wa buluu mguuni, na hiyo haikuwa kazi ya vidole vilivyozoea spana. Siku aliyojaribu alijifunga kidole gumba pamoja na mguu wa kware, ikabidi mkewe awaokoe wote wawili kwa mkasi. Tangu hapo kufunga uzi kukawa kazi ya mkewe.

"Wewe nenda ukachemshe chai," alikuwa anamwambia. "Na usiniletee ile yako ya haraka haraka. Iache ichemke."

Naye alikwenda. Aliporudi na sinia, walioteuliwa walikuwa wamekwishafungwa uzi, na kikapu kimefunikwa kitambaa, tayari kwa safari. Wakanywa chai, wakawatazama kware wao wapya. Hizo ndizo zilikuwa sherehe zao. Watoto hawakujaliwa, wala hawakulizungumza sana. Nguo alizoshona mkewe zilivaliwa na watu zikachakaa, mizani alizotengeneza yeye ziliharibika tena. Ukoo huu wa kware ndio kitu pekee walichokifanya wawili kikawa kinapumua.

Mwaka jana mkewe akafariki. Ugonjwa haukukaa, ulikuja kama mgeni mwenye haraka, ukaondoka naye.

Baada ya matanga, Mzee Mizani aliendelea peke yake. Badala ya uzi alinunua pete za plastiki za kubana tu. Kikapu cha wepesi akawa anamuuzia mwenye mkahawa wa jirani, maana kwa shemeji alikuwa haendi tena. Hawakugombana. Tatizo ni kwamba shemeji na marehemu walikuwa na kicheko kimoja, kile kinachoanzia puani na kumalizikia kwenye magoti, na Mzee Mizani hakuwa na ubavu wa kukisikia kikitoka kwenye kinywa kingine. Hilo hakumwambia mtu. Alisema tu ana kazi nyingi.

Uchaguzi aliufanya kwa haki kuliko wakati wowote. Kware wakazidi kunenepa, wakafikia uzito ambao angemwonyesha mkewe kwa kelele. Mayai ndiyo yaliyoanza kupungua, kisha kuanguliwa kukapungua, na sasa hili. Madume yalikuwa yamekaa bandani kama matajiri waliostaafu. Majike yaliyobaki yakitaga yalikuwa machache.

Akamwita daktari wa mifugo, binti mmoja mpole mwenye buti za mpira, ambaye aliwashika kware mmoja mmoja, akawageuza, akawapapasa, akauliza maswali na kusikiliza majibu.

"Ni wazuri sana kwa macho, baba," alisema mwishowe. "Lakini umechagua uzito peke yake. Ukivuta uzito tu, kutaga kunaachwa nyuma, na dume akiwa mzito hivi, kumpanda jike kwake ni kama kupanda ghorofa. Halafu wameoana wao kwa wao muda mrefu. Damu imechoka."

"Lakini ndivyo nilivyofanya miaka yote!" Mzee Mizani alisema. "Mizani ile ile, mkono huu huu. Mbona zamani walitaga?"

Daktari alitafakari. Hakujifanya anajua. "Hapo sina jibu. Labda zamani kulikuwa na kitu kingine kinachaguliwa bila wewe kujua. Ushauri wangu, nunua kware wapya kwa mfugaji mwingine, uanze nao."

"Wapya hawatakuwa hawa."

"Hapana," binti alikubali. "Hawatakuwa hawa." Alifunga begi lake, akasita mlangoni. "Hakuna mtu uliyewahi kumpa ndege wa ukoo huu? Wa zamani, kabla mambo hayajaharibika?"

Waliokuja kuomba mbegu walikuwa wengi, lakini karibu wote walitaka mayai ya kula na si usumbufu. Wawili watatu aliowafuata siku hiyo walimwonyesha mabanda matupu. Jioni haijaingia akabaki na jina moja tu la kwenda kuligongea hodi, na hilo lilikuwa la mtu aliyekuwa akipelekewa kware ili awapike. Alijua ni kazi bure. Lakini miguu ilikwenda, akaifuata.

Shemeji alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Makubwa!" akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, shemeji. Nimekuja kukujulia hali."

"Mwaka mzima hali yangu ilikuwa haijuliki, leo ndiyo imekuwa na thamani? Ingia, ingia, usinisimamie mlangoni kama mdai kodi."

Akaingia, akakaa pembeni ya kiti. Alikuwa amepanga maneno ya kuzungukazunguka, yote yakampotea, akasema jambo lenyewe: kwamba mayai hayaanguliwi, kwamba ukoo unaisha, kwamba akiamka asubuhi na kusikia banda linavyonyamaza anahisi anamzika mkewe mara ya pili. Akasema anajua vikapu vyote vilikwishaliwa zamani. Anauliza tu, ili asije akajilaumu kwamba hakuuliza.

Shemeji hakutania tena. Akainuka. "Njoo."

Akampeleka uani, kwenye chumba cha kufulia. Alipofungua mlango Mzee Mizani alipigwa na harufu anayoijua, na ile milio ya haraka haraka, na pale chini ya sinki la zege, nyuma ya wavu uliofungwa kwa kamba za kuanikia, walikuwa wamejaa kware. Si wengi. Wadogo, wepesi, macho maangavu, hawatulii. Kwenye mchanga wa pembeni kulikuwa na mayai ya siku hiyo.

"Kikapu cha mwisho," shemeji alisema. "Dada alikileta mwenyewe, wiki ile kabla hajalala. Ningeanzaje kuwachinja? Ningeanzaje, shemeji? Kitu kilicholetwa na mkono wake? Nikasema wakae mpaka nipate moyo. Moyo wenyewe sikuupata, na nguo nafulia nje mpaka leo."

Mzee Mizani alipiga magoti. Hakuwa mtu wa kulia, lakini mambo ya macho yana ukaidi wake. Alipitisha mkono kwenye wavu, akamshika mmoja, jike, mwepesi wa kumwachisha kazi fundi wa mizani. Akamrudisha. Akamshika mwingine. Wa tatu alikuwa amekaa kwenye kona peke yake, na alipomwinua mkono ukashuka kwa uzito.

Akamgeuza. Dume. Kifua kama mkate. Bawa la kulia, unyoya mmoja mweupe.

"Huyu ni Bondia!" alipaza sauti.

"Ndiye."

"Bondia nilimchagua mimi! Alivunja rekodi! Nilikwenda jikoni nikiimba! Kesho yake simwoni, mke wangu akaniambia ameliwa na paka wa jirani!" Akasimama na Bondia mkononi. "Paka yule nilimfukuza na kandambili wiki nzima! Amefikaje huku?"

Shemeji alijaribu kujizuia. Akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Akaangalia ukuta. Haikusaidia: kicheko kilianzia puani, kikashuka, kikamkamata magoti, mpaka akajikuta amekaa juu ya ndoo iliyoinamishwa.

Kilikuwa kile kile. Mzee Mizani alisimama akikisikiliza, na jambo la ajabu ni kwamba hakikumuumiza kama alivyoogopa. Kiliuma, ndiyo, lakini kama maji ya moto kwenye miguu yenye baridi.

"Shemeji," alisema yule mwanamke alipopata pumzi, "kaa chini. Ulivyokuwa unakwenda kuchemsha chai, unadhani dada alikuwa anafanya nini?"

"Anafunga uzi."

"Anafunga uzi, sawa. Kwa nani?"

Mzee Mizani akakaa. Hapakuwa na kiti, akakaa sakafuni.

"Alikuwa anamtoa mmoja wa boksi lako, mara nyingine wawili, mara nyingine watatu, anawatia kikapuni," shemeji alisema. "Halafu anatoa wa kikapuni anaowataka yeye, anawafunga uzi wako wa buluu. Kila uchaguzi. Miaka yote hiyo, ulivyokuwa unaniletea wepesi eti kwa ajili ya sufuria, mimi huku nilikuwa nala mabingwa. Nyama hiyo! Mume wangu alikuwa anauliza, hivi hawa ndio waliokataliwa, waliokubaliwa wakoje?"

"Lakini alichaguaje? Hakuwa na mizani!"

"Wewe ulikuwa unawatazama dakika moja, wakiwa kwenye kisahani. Yeye alikuwa nao kutwa, dirisha la cherehani linatazama banda. Mbaya anayedonoa wenzake kichwani alikuwa anamjua. Dume mvivu alikuwa anamjua. Na majike alikuwa anayajua kwa mayai." Shemeji akachukua mayai mawili mchangani, akamwekea kiganjani. "Ona. Hili madoa makubwa, kama wino uliomwagika. Hili vitone, kama umepulizia. Kila jike ana nakshi yake, na haibadiliki, kama vile kitambaa kinavyotoka kiwandani. Dada alikuwa fundi nguo, ungemficha nakshi? Akiokota trei jioni anasema: leo wino ametaga, vitone ametaga, moshi hajataga siku ya pili. Aliyetaga bila kukosa, akiwa mwepesi namna gani, anafungwa uzi."

Mzee Mizani aliyatazama mayai yale. Alikuwa ameokota mayai kama hayo miaka nenda rudi. Alikuwa ameyapima! Hata siku moja hakuona kwamba yanatofautiana.

Kwanza alikasirika, tusimfiche. Masikio yalipata moto. Mbele ya wageni wangapi alitoa hotuba yake ya mizani, na mkewe amekaa pembeni na sindano mdomoni, anaitikia kwa kichwa? "Alinipiga chenga," alisema. "Nyumbani kwangu. Miaka yote. Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza." Sauti ya shemeji ilipungua. "Akasema, 'Mdogo wangu, tangu astaafu sijamwona na furaha kama akiwa na ile mizani yake. Mimi nataka kware watage, yeye anataka kuwa sahihi. Vyote vinawezekana, akichelewa kidogo na chai.'"

Hasira ikakosa pa kukaa. Mzee Mizani alimtazama Bondia, Bondia akamtazama yeye, wote wawili wazito na wasio na faida kubwa, na kicheko kikamtoka bila kuombwa ruhusa. Akacheka mpaka machozi, na alipofika kwenye machozi akabaki huko kwa muda. Shemeji akamwacha. Alimletea tu maji ya kunawa uso, hapo hapo, kwenye chumba cha kufulia.

"Asante," alisema alipomaliza. "Asante kwa kutowachinja. Nimekuwa shemeji mbaya mwaka huu, nawe ulikuwa unanitunzia nyumba yangu chini ya sinki lako."

"Nilikuwa nakusubiri ulete sabuni tu," shemeji akajibu, akijifuta macho na yeye.

Kware wale wakarudi kwenye banda lao la asili, ndani ya kikapu kile kile kilichowatoa. Majike wepesi walichanganywa na madume vijana wachache wa Mzee Mizani, wale ambao bado walikumbuka wajibu wao, na madume ya chini ya sinki yakapewa majike mazito. Daktari alikuja kuangalia, akasikiliza kisa chote, akapiga makofi. "Basi ndiyo hiyo!" alisema. "Mlikuwa wachaguzi wawili!" Akashauri waongeze na dume mmoja kutoka kwa mfugaji mwingine, ili damu isichoke tena, na safari hii Mzee Mizani hakubisha.

Kila jioni aliokota mayai na shemeji amesimama nyuma yake akimsomesha. Huyu nani? Wino. Huyu? Vitone. Hapana, shemeji, hiyo ni moshi, vaa miwani. Walitenga mayai ya wasiokosa kutaga, wakayaingiza kwenye mashine, na Mzee Mizani akaanza tena kuweka sikio kwenye mfuniko.

Siku ilipofika ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa chumba cha cherehani. Kulikuwa na kama mkwaruzo. Akadhani ni kucha zake mwenyewe. Kisha ukaja mlio, mwembamba, wa mtu mwenye malalamiko, na mwingine ukamjibu, na yai moja la wino likapasuka mstari kwenye kiuno kama limekatwa na mkasi. Kifaranga alitoka amelowa, akaanguka kifudifudi, akainuka, akakanyaga yai la jirani. Hadi mchana mashine nzima ilikuwa inatikisika kwa kelele. Mzee Mizani alitoka nje hadi getini kumtafuta mtu wa kumwambia, na aliyemkuta ni paka wa jirani tu. Akamwambia. Akamwomba na radhi.

Vifaranga vikakua upesi, kama ilivyo kawaida ya kware, na siku ya uchaguzi ikawadia. Shemeji alikuja amevaa vizuri. Cherehani ikasukumwa ukutani. Akakaa kwenye kiti cha dada yake bila kuambiwa, na Mzee Mizani akasawazisha mizani kwa vijiwe vyake, akapuliza vumbi kwenye kisahani, akaanza.

Alipima wote. Hakumpendelea yeyote. "Huyu!" alitamka, kushoto, mwepesi kulia, kikapuni, "Huyu!" kushoto. Mkono ule ule, sauti ile ile ya hakimu. Alipomaliza akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa kidonge cha uzi wa buluu, ambao ncha yake ilikuwa bado imechomekwa kama alivyoiacha mkewe. Akakiweka mezani mbele ya shemeji, na mkasi pembeni yake.

"Vidole vyangu unavijua," alisema. "Mimi naenda kuchemsha chai."

Shemeji alimtazama. Akavuta mkasi karibu. "Nenda, shemeji," alisema. "Na usiniletee ile ya haraka haraka."

Jikoni, Mzee Mizani alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka ile yote. Akaweka sufuria jikoni. Nyuma ya ukuta alisikia kikapu kikifunguliwa, mbawa zikipiga, na kicheko kidogo kikianzia puani. Chai ilipanda, akapunguza moto. Ikashuka. Akaongeza tena.

"Asante, mke wangu," alisema kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. "Kware wanataga. Na mimi ulinifanya niwe sahihi miaka yote ile. Asante."

"Tayari!" shemeji akaita kutoka chumba cha pili. "Chai iko wapi?"

Chai ilikuwa imechemka zamani. Mzee Mizani aliitazama, akaiacha motoni.

"Bado kidogo," akajibu. "Angalia tena vizuri. Usiharakishe."